Siku Nne Dar Kabla ya Mvua za Vuli: Namna ya Kuzipanga

Mgeni anayekuja Dar es Salaam kwa mapumziko mafupi kwa kawaida huandika orodha ya mahali anapotaka kufika: Kunduchi asubuhi, Kariakoo mchana, Coco Beach jioni. Kwenye ramani panaonekana karibu. Barabarani, siku nzima inaishia kwenye viti vya gari. Jiji hili hupangwa kwa upande na kwa maji. Upande, yaani siku moja uelekee njia moja tu ya jiji. Maji, yaani ujue bahari inajaa saa ngapi na inakupwa saa ngapi kabla hujalipia boti wala chumba. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, kwa mtu mwenye siku nne na mfuko wa kawaida.

Hatua ya 1: Chagua wiki kwa kuangalia mwezi

Wiki nzuri ni zile za Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Upepo wa kusi unakuwa umeanza kulegea, bahari inatulia, na joto zito la Desemba bado. Mvua za vuli kwa kawaida huanza kuonekana mwishoni mwa Oktoba na kuchanganya Novemba. Ukija Novemba bado utafurahi, ila siku ya msituni na siku ya kisiwani usizifunge kwa tarehe, ziache zihamishike.

Jambo moja la kukwepa: tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Ni mapumziko ya kitaifa, na ikiangukia karibu na mwisho wa wiki, fukwe na boti za visiwani hufurika. Ukiwa na watoto wadogo, siku hiyo kaa mjini.

Sasa kuhusu maji, na hapa inafaa utulie kidogo, maana ndipo safari nyingi za kisiwani zinapoharibikia. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kwa Dar, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, halafu hujaa tena kwenye saa 10 jioni. Maana yake, ukienda kisiwani asubuhi ya bamvua utakuta mawe, majani ya bahari na maji ya magotini, na boti inaweza kusimama mbali mkatembea majini na mizigo kichwani. Siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu, au kabla ya mwezi mwandamo, maji hujaa kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana. Hizo ndizo siku za kisiwa. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi: tafuta kati ya tarehe 10 na 13, au 25 na 28 za mwezi mwandamo. Asiyefuata aangalie jedwali la maji la bandari ya Dar kwenye intaneti. Kisha siku nyingine tatu zipange kuizunguka hiyo.

Hatua ya 2: Lala upande unaokwenda zaidi

Ukitaka Bagamoyo na visiwa, lala Mwenge, Kijitonyama, Sinza au Mikocheni. Ukiwa hapo uko njia ya kaskazini tayari, na kituo cha Makumbusho, zinakopatikana gari za Bagamoyo, kiko jirani. Ukitaka treni ya kwenda Morogoro na matembezi ya mjini, lala Upanga, Posta au Kariakoo. Kariakoo kuna gesti za bei nafuu na kila usafiri uko mlangoni, lakini kelele huanza kabla ya adhana ya alfajiri; omba chumba cha nyuma, ghorofa ya juu. Masaki ni pazuri na karibu na boti za kisiwa cha Bongoyo, na bei yake inalijua hilo. Kigamboni ni kwa anayetaka ufukwe tu. Kila siku kuvuka kwenda na kurudi kutakumaliza.

Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: bei ni pamoja na chai? Kuna tangi la maji, yaani yakikatika yapo? Umeme ukikatika kuna jenereta? Chandarua kipo, na kizima? La mwisho usilipuuze hata kama kuna kiyoyozi. Na kumbuka mbu wa dengue huuma mchana, hivyo dawa ya kupaka ni ya mchana pia.

Hatua ya 3: Kuingia mjini bila kupotezewa muda

Mabasi mengi ya mikoani huishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, pembezoni kabisa mwa jiji. Ukifika kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi utaingia mjini pamoja na wafanyakazi wote. Hapo kunywa supu na chapati kwanza, kisha teremka mpaka Kimara upande basi la mwendokasi la kwenda Kivukoni au Gerezani. Mwendokasi una njia yake yenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo foleni haiugusi sana. Msongamano ndani yake ndio unaugusa, na simu ikae mfuko wa mbele.

Kuna tatizo moja la msimu. Mvua kubwa ikinyesha, mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, barabara hufungwa na mwendokasi husimama. Ikitokea, usingoje kituoni. Kutoka Magomeni pitia Kinondoni uingie Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ufike mjini kwa upande wa bahari.

Wa ndege hutua Kipawa, kama kilomita 12 kutoka katikati ya jiji. Jioni kati ya saa 10 na saa 2 usiku, hata umbali huo ni wa kupangia.

Teksi za kwenye programu za simu, kama Bolt, zipo za gari, bajaji na bodaboda. Dereva mara nyingi atapiga simu kuuliza unakwenda wapi na utalipaje. Mjibu wazi, na kubalianeni kabla hajaanza kuja. Bodaboda bila kofia ya pili usipande, hata kwa safari ya dakika tano.

Hatua ya 4: Kitambulisho, pesa, na kosa la saa

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, si nakala kwenye simu tu. Kinahitajika kwenye treni, kwenye boti ya Zanzibar na gesti, na kwenye vivutio kinakupunguzia gharama, maana kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni wa nje. Vivutio vingi vya serikali hulipiwa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kupitia simu, kwa hiyo uwe na salio kwenye M-Pesa au Airtel Money kabla hujafika getini. Madukani na migahawani lipa namba iko karibu kila mahali. Noti ndogo zinahitajika daladalani na kwa mama wa mihogo.

Na hili linawakosesha safari watu wazima wenye akili timamu: tiketi ya treni na ya boti huandikwa kwa saa za kimataifa. 06:00 ni saa 12 asubuhi. 07:00 ni saa 1. 13:00 ni saa 7 mchana. Ukipata tiketi, chukua kalamu uandike saa yetu pembeni, halafu mtumie mwenzako ujumbe wenye neno "asubuhi" au "jioni". Anayesoma 06:00 kama saa 6 mchana huamka treni ikiwa imeshawasili Morogoro zamani.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, mjini kwa miguu

Anza Feri, soko la samaki la Magogoni, saa 12:30 asubuhi. Jua linachomoza karibu na saa 12, boti zinaingia, na madalali wananadi kwa sauti. Vaa viatu visivyoteleza na visivyo vya thamani, sakafu ni maji na magamba. Hata kama hununui, simama pembeni ya meza moja utazame mnada unavyokwenda: fungu linamwagwa, dalali anataja bei, wanunuzi wanapandisha kwa ishara ya kidole au kope, na kabla mgeni hajaelewa fungu limeshaondoka. Ukinunua, fungua shavu la samaki. Matamvua yawe mekundu na yenye unyevu. Yakiwa ya kahawia, huyo ni wa jana. Jicho liwe limejaa na kung'aa. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Waparaji wako hapohapo na wakaangaji pia, unaweza kula samaki uliyemchagua mwenyewe.

Kutoka hapo fuata Barabara ya Kivukoni ukiwa na bahari kushoto. Utapita kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote ya miaka ya mwisho ya 1890 na mwanzo wa 1900. Mbele kidogo, Barabara ya Sokoine, iko Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid wa Zanzibar aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Kata kupanda Mtaa wa Samora mpaka Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Wapagazi hao ndio pia walioacha jina la Kariakoo: kambi yao ya "Carrier Corps" ilikuwa pale.

Endelea mpaka bustani ya mimea na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Tenga saa moja na nusu. Kuna habari za Zinjanthropus, yule zamadamu aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959, na magari ya viongozi. Matembezi yote hayapiti kilomita nne, na ukianza mapema yanaisha kabla jua halijakaza.

Kamera: usipige picha Ikulu, bandari, pantoni, vituo vya polisi wala askari. Ikulu iko hapo hapo kati ya Feri na makumbusho, hivyo simu ikae mfukoni mpaka uifikie bustani.

Mchana panda mwendokasi mpaka Kariakoo. Nenda na unachokitafuta kichwani, na bei umeshaiuliza madukani mawili kabla ya kufungua pochi. Jumapili maduka mengi hufungwa. Siku hiyo Kariakoo haina maana, lakini Posta inakuwa tulivu na matembezi ya asubuhi yanapendeza zaidi. Ijumaa kuanzia saa 6 mchana maduka mengi husimama kwa sala.

Jioni, Coco Beach kwa mihogo. Chagua sehemu yenye wateja wengi ili mihogo iwe inatoka kwenye mafuta, si iliyopoa inayorudishwa. Omba pilipili na ndimu pembeni, uonje kwanza. Kuogelea hapo hatushauri: kuna mawe, na maji yakijaa mawimbi huvuta. Ni mahali pa kupunga upepo, na jua linazama kama saa 12:15.

Hatua ya 6: Siku ya kisiwa

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vya hifadhi ya bahari tangu 1975, havina makazi ya watu. Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Msasani, na safari ni kama nusu saa. Mbudya unaondokea Kunduchi, dakika 15 mpaka 20. Kwa wanaolala Mbezi Beach au Tegeta, Mbudya ndiyo yenye maana. Kukata jiji lote kwenda Msasani ni kuvunja kanuni ya upande.

Kabla ya kupanda, uliza kama bei ya boti imejumlisha kiingilio cha hifadhi. Mara nyingi haijajumlisha, na ubishi hutokea ufukweni mkiwa mmeshashuka. Uliza saa ya boti ya mwisho kurudi, na uhakikishe kila mtu ana jaketi la kujiokolea linalomtosha, mtoto lake la mtoto. Boti isiyo nayo iache iende.

Beba lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu, kwa sababu kisiwani maji ya kisima yasiyo na chumvi hayapo. Beba ndala ngumu za kuingia nazo majini. Kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe, na mwiba ukivunjikia mguuni siku imeisha. Chakula kipo, samaki wa kuchoma na chipsi, lakini kinachukua saa nzima au zaidi. Agiza ukishuka tu, kisha ndipo uingie majini. Makombe na matumbawe yaache yalipo, kuyachukua hairuhusiwi.

Septemba, upepo bado unaweza kuongezeka alasiri na kurudi kukawa na mawimbi na maji ya kurushwa. Simu na nguo kavu ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Hatua ya 7: Bagamoyo kwa siku moja

Ni kama kilomita 70 kaskazini. Ondoka kituo cha Makumbusho saa 1 asubuhi: magari yote yanaingia mjini na wewe unatoka, hata kama Tegeta na Bunju patakuwa na msongamano wa vituo. Saa 3 uwe umefika.

Wengi huanza na mji mkongwe, wakafika magofu ya Kaole saa 8 mchana jua likiwa utosini. Fanya kinyume. Chukua bajaji moja kwa moja mpaka Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, na mkubaliane na dereva akungoje au akurudie. Kurudi kwa miguu ni mbali. Kuna magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, na mahali palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya kigeni bado panaonekana kwenye baadhi ya nguzo. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mikoko: palikuwa na bandari hapo, mchanga na mikoko vikaiziba, na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukiliona hilo kwa macho, utauelewa mji utakaouona baadaye.

Kutoka Kaole nenda Misheni, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Walinunua watumwa na kuwapa uhuru, wakawajengea kijiji. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifika hapa ukibebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka ndani ya bara, ukalala usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar. Makumbusho ya Misheni ni madogo na yamepangwa vizuri; saa moja inatosha.

Chakula cha mchana kula karibu na soko la samaki, kisha tembea Mtaa wa India: milango ya kuchongwa, Boma la Wajerumani na Ngome Kongwe ya 1860. Bagamoyo ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar. Vijana wanaojitolea kukuongoza ni wengi. Chukua mmoja mwenye kitambulisho na mtaje bei kabla.

Panda gari ya kurudi saa 9 alasiri. Jumapili ondoka hata mapema zaidi, kwa sababu waliokwenda fukwe za Mbezi na Kunduchi wote hurudi jioni kwa barabara hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Siku ya nne, chagua moja

*Morogoro kwa treni ya umeme.* Huduma ilianza Juni 2024 na nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Safari haifiki saa mbili. Kata tiketi siku kadhaa kabla, hasa ya Ijumaa na Jumapili, na kata ya kurudi wakati huohuo. Fika stesheni saa nzima kabla, kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo hesabu bajaji kwenda na kurudi. Mwenye miguu apande milima ya Uluguru mpaka mahali paitwapo Morningside akiwa na mwenyeji wa kumwongoza. Asiyependa mlima azunguke soko kuu na kubeba matunda na mboga za milimani.

*Pugu na Kazimzumbwi.* Msitu wa hifadhi upande wa Kisarawe, unafikiwa kwa kupitia Gongo la Mboto. Viatu vya kufunga, suruali ndefu, na mwongozaji kwa wanaotaka kuingia mapango ya popo yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya udongo wa kaolini. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha. Njia ni ya udongo na inateleza kama sabuni.

*Kigamboni.* Pantoni shilingi 200 kwa mtembea kwa miguu, ufukwe wa Mjimwema, kurudi jioni. Inamfaa aliyechoka.

Zanzibar hatujaiweka makusudi. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili kila upande, ukijumlisha foleni ya bandarini unabaki na saa chache za kukimbia Mji Mkongwe na saa mkononi. Iongezee usiku mmoja au iache kwa safari nyingine.

Siku ya kuondoka

Ukitaka vinyago vya mpingo, pitia Mwenge kwa wachongaji asubuhi. Lowesha kidole usugue sehemu ya chini ya kinyago: rangi ya kiatu iliyopakwa kwenye mti mwingine itabaki kwenye kidole. Mpingo wenyewe ni mzito mkononi kuliko unavyotarajia, na sehemu ya nje ya mti, yenye rangi nyeupe, huonekana wazi mahali mchongaji alipoiacha.

Samaki wa kupeleka nyumbani wanunue siku hiyohiyo, waparwe na kutolewa utumbo pale Feri, kisha wapangwe kwenye ndoo yenye kifuniko: tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu juu. Kwa safari ya usiku mzima weka barafu nyingi kama samaki wenyewe. Toboa tundu dogo chini ya ndoo maji yatoke, na uiweke ndani ya beseni, kwa sababu kondakta akiona maji ya samaki yanatiririka kwenye buti la basi, ndoo itashushwa Chalinze.